Kolonoskopi Alhamisi: nidungwe usingizi ama niingie macho wazi?

DerevaWaViazi (Nakuru)

Wasee mulembe. Naomba ushauri, na mwenye ako na mzaha tafadhali ashike kwanza. Mimi ni mwanaume miaka 46, naishi Nakuru, kazi yangu ni kenta, napakia viazi Molo usiku napeleka Kibuye Kisumu halafu narudi na chochote kimepatikana. Kwa miezi kama minne hivi nikienda choo naona damu. Mwanzo nikasema ni kukalia kiti sana, madereva wengi wako na hio shida ya bawasiri, nikanunua zile dawa za kuingiza na kale kakrimu, ikapungua, ikarudi. Juzi nikaenda kuonwa, daktari akaniuliza kama kwetu kuna mtu amewahi kuugua saratani ya utumbo, nikamwambia ndio, kakangu mkubwa, alipatikana nayo akiwa na 52 na hakumaliza mwaka. Daktari akaweka kalamu chini. Akasema hii si ya krimu tena, nifanyiwe kolonoskopi, yaani nipitishwe kamera ya kuangalia ndani ya utumbo.

Sasa kamera yenyewe nimeshajikaza. Shida ni hapo kwa sindano. Pale mapokezi nikaulizwa "utalala ama hutalala?" kama vile mtu anaulizwa chai ama kahawa. Kuuliza tofauti ni gani naambiwa kulala kunaongeza elfu nane, na lazima nije na mtu mzima wa kunirudisha nyumbani, na nisiguse usukani mpaka kesho yake saa kama hio. Na kenta inapakiwa Alhamisi hio hio usiku. Nisipoenda viazi vinapewa mtu mwingine, na hii kazi ukiachilia njia wiki moja unaweza kurudi upate imeenda.

Kitu ingine, naisema juu hapa hamnijui. Mke wangu sijamwambia. Tuliuguza kaka pamoja, yeye ndiye alikuwa anamuosha, akisikia kamera ya matumbo atanizika kabla sijapimwa. Kwa hivyo mtu wa kunirudisha sina. Halafu niko na mjomba alienda kupasuliwa kitu kidogo tu, wakamlaza, hakuamka. Najua si kitu kimoja lakini moyo haujui hio.

Kuna mwenye amefanyiwa bila sindano yoyote? Inauma aje, kama jino, kama nini? Na mwenye alilala, uliamka aje?

NyarDunga (Kisumu)

Pole sana ndugu, na pole kwa kaka.

Mimi nilifanyiwa macho wazi mwaka jana mwezi wa tano, na haikuwa ujasiri, ni juu nakoroma. Nakoroma mpaka pumzi inakatika, bwanangu amezoea kunisukuma usiku, sasa daktari akasema mtu wa hivyo na dawa ya kulala hawapatani sana, akaniuliza kama naweza kujaribu bila. Nikakubali haraka nikidhani ni kama vile vipimo vya wamama, dakika tatu umeshuka kitanda.

Unalazwa ubavu wa kushoto, magoti umeyakunja kama mtoto tumboni, gauni imefunguka nyuma. Daktari anaanza na kidole kimepakwa jeli, na hapo aibu yote inaisha mara moja inabaki kazi. Mrija kuingia hakuumi. Halafu tumbo linaanza kujaa hewa, yaani kama umekula maharagwe hayajaiva na uko katikati ya kiti cha nyuma kwa matatu huwezi kujiachilia. Sasa kuna kona. Utumbo haujanyooka kama paipu ya maji, na mrija ukifika kwa kona unasukuma kwanza kabla haujapinda. Kona ya kwanza, hapa chini kushoto, nilishika mkono wa nasi, yule muuguzi, nikaufinya mpaka kesho yake nikawa namfikiria. Nimezaa watatu, haikufika huko, hata nusu haikufika, lakini ni yale maumivu ya kukutoa jasho juu ya mdomo. Yanakaa kidogo, yanaachilia, yanarudi. Kona ya pili iko chini ya mbavu, upande huo huo, hapo nasi alinibonyeza tumbo na kiganja, wakanigeuza chali, ikapita. Baada ya hapo nikawa naangalia skrini tu. Ndani yangu ni pinki na kunang'aa kama mdomo wa mtoto, na vile huwa najidharau.

Kurudi nyuma hakuumi, na ndio wakati daktari anaangalia pole pole. Yote ilichukua kama nusu saa. Nilivaa, nikanywa chai na mandazi hapo nje, nikapanda tuktuk peke yangu nikaenda kufungua kibanda cha samaki saa nane mchana. Gesi ilinisumbua mpaka jioni lakini hio unaitoa tu, wateja wavumilie.

Mkali_Wa_Nax

Pole dereva lakini mimi hapana. Mwanaume uko macho wazi na watu wamesimama nyuma yako wanaangalia kwa tivi? Heri ulale usijue nani alikuwa hapo.

DerevaWaViazi

Nilisema mzaha ungoje hahaha. Lakini sitadanganya, hio pia iko kwa akili.

sista_wa_skopi

Mkali, hapo ndani hakuna mtu anaangalia nyuma yako, sote macho iko kwa skrini. Na umefunikwa shuka, kilicho wazi ni mahali padogo tu pa kupitisha mrija. Tumeona za wachungaji, za machifu, zote ni sawa.

Dereva, mimi ni nasi, nimefanya chumba cha endoskopi miaka kadhaa huku magharibi, wapi sitasema. Nitakueleza vile sisi huona, lakini neno la mwisho ni la daktari wako juu yeye ndiye amekupima presha na moyo.

Hii maneno ya "utalala ama hutalala" huchanganya watu sana, na sisi wenyewe tunalitumia vibaya. Kulala ni kwa aina mbili. Kuna midazolamu pamoja na dawa ya maumivu kama fentanili ama pethidini, inadungwa kwa mshipa kidogo kidogo. Hapo hulali, unasinzia. Ukiitwa unaitika, ukiambiwa geuka unageuka. Kitu midazolamu inafanya zaidi ni kufuta kumbukumbu. Kuna mtu atapiga nduru hapo kitandani tunaskia sote, na baada ya saa moja anatushukuru ati hakuskia kitu. Aliskia, amesahau. Mimi hujiuliza kama hio ni sawa na kutoumia na bado sijapata jibu. Aina ya pili ni propofoli, ile nyeupe kama maziwa. Hio unalala kweli kweli, na inapewa na mtaalamu wa dawa za usingizi ambaye kazi yake hapo ni kuangalia pumzi yako peke yake, ndio unaona bei ikipanda. Na ndio, ni ile iliyomuua Michael Jackson 2009, najua mmoja wenu alikuwa ashaanza kuandika. Yeye alikuwa anapewa nyumbani, chumba cha kulala, bila vyombo vya kumwangalia sawasawa. Hospitalini kuna kibanio kwa kidole kinasoma oksijeni, mkanda wa presha kwa mkono, oksijeni kwa pua, na mtu amesimama karibu na kichwa chako.

Hatari kubwa ya hizi dawa zote ni pumzi kupungua na presha kushuka, na inaongezeka kwa mzee sana, mnene sana, mwenye moyo ama mapafu yana shida, na hawa wenye kukoroma kama NyarDunga. Midazolamu na fentanili ziko na dawa za kuzigeuza mtu akizidiwa, na zinafaa kuwa hapo karibu. Kwa hivyo uliza hivi: ni dawa gani, nani anaidunga, na nani anaangalia pumzi yangu wakati daktari anaangalia skrini? Hilo la mwisho wakianza kuzungushazungusha, mimi ningefanyiwa macho wazi ama nitafute kwingine.

Maumivu sasa. Utumbo kwa ndani haujui kisu. Tukikata kipande cha maabara ama tukitoa kinyama, yaani kauvimbe kadogo kameota ndani ya utumbo, huskii, kitu unaskia ni kuvutwa na kujazwa. Ndio maana mkono wa daktari ni nusu ya dawa. Kuna wenye hutumia maji wakiingia badala ya kupuliza hewa nyingi, kuna wenye hutumia kabonidayoksaidi ambayo mwili unainyonya haraka kuliko hewa ya kawaida, na mgonjwa anaskia tofauti. Nchi kama Norwei na Finlandi watu wengi hufanyiwa bila sindano ama na dawa kidogo tu, Marekani karibu kila mtu analazwa. Utumbo ni ule ule, ni mazoea tu. Wenye huumia zaidi ni wanawake, watu wembamba, mwenye alipasuliwa tumbo la chini, na mwenye amekuja na wasiwasi mwingi. Ukitoa hio ya wasiwasi, wewe uko upande mzuri.

Halafu kuna njia ya katikati ambayo pale mapokezi hawatakwambia. Unawekewa kanyula mapema, kale kamrija ka kupitishia dawa kwa mshipa, dawa imevutwa iko kwa trei, mnaanza bila. Ukishindwa unasema. Uliza daktari kama anakubali.

Na ya kaka si daktari kukuonea. Mtu akiwa na ndugu wa damu amepatikana na hio saratani, anafaa kuanza kuangaliwa akiwa 40, ama miaka kumi kabla ya umri ule ndugu alipatikana nayo, ile inakuja mapema. Wewe ulifaa kuangaliwa miaka sita iliyopita.

Lakini hesabu ya barabara Alhamisi usiku toa kabisa, hata ukifanyiwa macho wazi. Utakuwa hujala chakula cha maana tangu Jumanne, umeharisha usiku mzima, hujalala. Mtu wa hivyo na tani za viazi na ule ukungu wa kutoka Mau Summit mpaka Kericho, mimi na watoto wangu hatutaki kukutana na yeye.

Mwalimu_Shinyalu

Mimi nililala, ile ya kusinzia, nilifanyiwa Eldoret. Nakumbuka nasi akisema nitaskia kizunguzungu kidogo, nakumbuka dari ilikuwa na doa la maji limekaa kama ramani ya Afrika, halafu nakumbuka nikiwa nje kwa kiti nakula biskuti. Katikati hakuna kitu. Mimi kwa kweli nilipenda, nikiambiwa kesho nirudie nalala tena.

Lakini wacha nikwambie ubaya wake. Ubaya ni kwamba unajiona uko sawa. Nilitoka hapo naongea vizuri, shemeji yangu anasema njiani nilimchambulia mechi ya Ingwe mwanzo mpaka mwisho. Jioni nikakumbuka kodi ya nyumba sijalipa, nikatuma kwa M-Pesa. Asubuhi kuangalia simu, landilodi nimemtumia mara mbili, saa kumi na mbili na saa mbili usiku, na ile ya kwanza sikumbuki hata kuitoa simu mfukoni. Kumpigia anasema asante sana mwalimu, hio ingine nimeandika ya mwezi ujao. Kwa hivyo hayo masaa 24 si ya usukani peke yake, usisaini kitu, usitume pesa, usiende kukata maji. Simu mpe mtu.

MamaMapacha_Bungoma

Naomba mnisikize na mimi juu naona hapa bila sindano inasifiwa.

Mimi nilienda bila juu ya pesa, niseme ukweli. Nimepasuliwa mara mbili, mapacha na kufunga kizazi, na mimi ni mwembamba, kumbe niko kwa ile orodha yote ya sista na hakuna aliniuliza. Kona ya kwanza nilishikilia. Baada ya hapo mrija ukawa hauendi, unajikunja ndani, unaskia kama kitu kinataka kutokea kwa kitovu. Nikaanza kutapika maji. Daktari alikuwa mtu mzuri, akasimama, akaniuliza mama umekuja na nani tukuongezee kitu kidogo. Nikasema niko peke yangu. Akatikisa kichwa, akatoa mrija, akasema hatujafika hata nusu.

Nilirudi baada ya wiki tatu na dadangu. Siku tatu zingine bila mboga, ile dawa ya kuendesha tumbo tena, na malipo tena. Nilikuwa naokoa elfu saba nikapoteza zaidi ya thelathini. Mara ya pili walinidunga na haikuchukua hata dakika ishirini na tano.

Kwa hivyo dereva, hii njia ya katikati ya sista ni nzuri lakini ni ya mwenye amekuja na mtu. Ukienda peke yako hakuna katikati, ni uvumilie ama urudi nyumbani bila jibu.

DerevaWaViazi

Duh. Hio sikuwa nimeifikiria. Sista, hata kama ni dawa kidogo sana, ile ya kupitisha kona moja tu, bado nahitaji mtu? Nilikuwa nafikiria tanboi wangu, yule msaidizi wa kenta, ni kijana wa 23, mwaminifu.

sista_wa_skopi

Hata tone. Ikishaingia kwa mshipa hatukuachilii utoke peke yako, na boda wa stejini hahesabiwi kama mtu.

Tanboi anaweza, ni mtu mzima. Lakini fikiria hivi. Daktari atakuja baadaye akueleze ameona nini. Utaitika ndio, ndio, sawa daktari, kama mtu ameelewa kila kitu, na jioni hutakuwa na neno hata moja. Mwenye alikuja na wewe ndiye ataskia. Sasa kama ni mambo mazito, unataka yaskiwe na tanboi wa kwanza?

NyarDunga (Kisumu)

Na mke utamficha aje, hebu tuambie. Mnaishi nyumba ya aina gani?

DerevaWaViazi

Ploti huku mtaa wa Kiti. Nyumba nane, choo mbili, ziko nje.

NyarDunga (Kisumu)

Haiya! Omera wewe unafikiri hio dawa ni ya minyoo? Utatoka nje mara kumi na tano usiku, mlango ukilia kila saa, majirani wakigonga choo, na mke yuko kitandani ati hajui? Mimi choo iko ndani ya nyumba na bado nilikimbia.

Nunua ndoo ya kifuniko weka ndani. Tishu usinunue ya bei rahisi. Na paka Arimis, ile jeli ya kukamulia, huko nyuma kabla hujaanza kuharisha, usingoje ngozi ichubuke, baada ya mara ya sita hata maji inachoma. Hii hakuna daktari aliniambia, niliambiwa na mama anauza mboga.

sista_wa_skopi

NyarDunga nitakuajiri. Ni kweli hio ya kupaka mapema.

Kwa sababu umefika hapo, fuata karatasi ya hospitali yako, lakini kwa ujumla siku mbili tatu kabla achana na sukuma, maharagwe, nyoyo (githeri), mahindi ya kuchoma, mapera na pasheni, zile mbegu hukwama kwa mrija. Wali, ugali mweupe, samaki, mayai, sawa. Siku moja kabla ni vitu vya kunywa unavyoweza kuona chini ya glasi: turungi, supu ya kuku imechujwa, maji ya glukosi. Chochote chekundu hapana, tutadhani ni damu. Dawa ya kuendesha kwa kawaida unagawa, nusu jioni nusu alfajiri, na kama utadungwa hata maji unaacha angalau masaa mawili kabla, wengine husema zaidi, fuata yao. Ikitoka kama mkojo wa njano bila makapi uko tayari. Ikitoka na makapi usituambie ati iko sawa, tutaona. Kama unameza vidonge vya damu vya madini ya chuma viache wiki moja kabla, na kama kuna dawa ya sukari ama ya kufanya damu iwe nyepesi piga simu uulize, usiamue mwenyewe.

KwetuVihiga_NikoLeeds

Mulembe mulembe. Niko Uingereza, huku niliambiwa nichague bila kitu, sindano, ama gesi ya kuvuta, ile ya nitrasi oksaidi na oksijeni wamama hupewa wakizaa. Unashika mwenyewe, mrija ukifika kona unavuta, ukiachilia dakika chache kichwa kimerudi. Nilicheka peke yangu mpaka daktari akacheka. Mamangu alipofanyiwa huko nyumbani niliuliza, hospitali yake haikuwa nayo, lakini dereva wewe uliza, simu ni bure.

DerevaWaViazi

Nimeuliza, gesi hakuna. Daktari amekubali ile ya katikati, midazolamu na fentanili, yeye anadungisha na kuna nasi wa pili wa kuangalia pumzi tu, nilimuuliza vile vile sista aliniandikia na akaniangalia kama mtu amesomea. Elfu nane nimelipa, nikiwa sijatumia narudishiwa.

Na mke nimemwambia. Nilimkuta jana jioni anachambua maharagwe kwa ungo, nikakaa hapo kwa mlango nikasema yote mara moja bila kupumua. Hakulia. Aliendelea kuchambua kidogo, halafu akasema, viazi basi si vyako wiki hii. Kumbe damu aliiona kwa nguo miezi miwili iliyopita wakati wa kufua, na alikuwa anangoja niseme.

Viazi nimeachia jamaa mwingine, tanboi ataenda na yeye aangalie magunia.

MamaMapacha_Bungoma

Mungu akutangulie. Ukifika kona ya kwanza pumua kwa mdomo, pole pole, usishike pumzi. Ukishika pumzi tumbo linakaza na mrija unakataa.

DerevaWaViazi (Jumamosi)

Nimerudi. Niko hai, nimekula, naandika nikiwa nimelala.

Usiku wa dawa sitauongelea, NyarDunga ulisema yote. Ndoo iliokoa heshima yangu. Arimis pia.

Nilianza bila. Kona ya kwanza ilikuja vile mlisema, nilipumua kwa mdomo kama mama anazaa, ikapita, nikajipongeza. Nikaona skrini kidogo, ni kweli ni pinki. Ile kona ya chini ya mbavu ikanishinda. Haikuwa mbaya ati nife, lakini nilikuwa nimekaza mwili wote mpaka daktari akasema dereva legeza gia, na nikajua nikiendelea hivi atashindwa kuona kitu kwa kupigana na mimi. Nikasema sista, leta. Akaniuliza mara mbili kama nina uhakika. Nakumbuka baridi ikipanda kwa mkono kutoka kwa kanyula, na hapo ndio mwisho wa mimi.

Sasa yenye inafuata ni ya mke. Anasema nilitoka kwa kitanda cha magurudumu natabasamu kama bwana harusi, nikamuuliza viazi vimepakiwa? Akanijibu ndio. Nikasema vizuri. Baada ya dakika mbili, viazi vimepakiwa? Mara nne. Daktari akaja, nikamshika mkono nikamshukuru, nikaitika kila kitu. Sikumbuki hata sura yake wakati huo. Mke aliandika nyuma ya risiti na iko hapa mbele yangu, mwandiko wake ule wa kubana: "Viwili. Kimoja kama punje ya mchele, kimoja kama haragwe. Vyote vimetolewa. Maabara wiki mbili. Bawasiri pia iko. Ndugu wengine waende." Hilo neno la mwisho amelipigia mstari mara mbili, na kwetu tumebaki watatu.

Kutolewa kwa hivyo vinyama sikuskia na hata kama ningekuwa macho sista alisema singeskia. Hatari ya damu kutoka baadaye wamenieleza, ama wamemweleza yeye, tukiona damu nyingi ama tumbo likikaza ama homa tunarudi mbio usiku ama mchana. Mpaka sasa hakuna kitu. Kulala siogopi kama zamani lakini ningesema ukweli, kama ningekuwa nimelazwa kabisa tangu mwanzo ningebaki najiuliza kama ningeweza. Sasa najua naweza mpaka mbavu.

Mwenye viazi amepiga, amesema Jumanne nipakie. Simu yangu bado iko kwa mke, hii naandikia yake, mwalimu ulimtisha.

NyarDunga (Kisumu)

Asante Mungu. Wiki mbili uje utuambie ya maabara, usipotee. Na hao ndugu wawili usiwaambie kwa simu, enda nyumbani ukae nao chini.

Mkali_Wa_Nax

Safi sana dereva. Sasa nijibu tu, watu walikuwa wangapi kwa hio chumba?

DerevaWaViazi

Nilihesabu wanne kabla ya sindano. Baada ya hapo hata kama waliita kwaya ya kanisa, mimi sijui.